Kabla ya Kulaumu Mashine, Tazama Faneli

Mashine nyingi za boti zinazoletwa bandani kwangu zikiwa "zimekufa" hazina ugonjwa wowote. Zimenyweshwa maji. Mwenyewe huja na maelezo yake tayari: plagi ni mbovu, kabureta imechoka, petroli ya siku hizi haina nguvu. Mara nyingine huwa kweli. Lakini kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua kile kikombe kidogo cha chini ya kabureta na kumimina kilichomo kwenye gilasi ya kioo. Petroli hukaa juu. Chini yake hutulia matone yanayong'aa, yanayokimbizana ukitikisa gilasi, na pembeni kuna unga wa kutu na chembe za mchanga. Hapo huwa sina haja ya kuuliza mengi. Nauliza swali moja tu: "Nahodha, faneli yako iko wapi?"

Wengi hucheka wakidhani nafanya mzaha. Faneli kwao ni kitu cha kuokota: shingo ya chupa ya maji iliyokatwa kwa kisu, inayotupwa chini ya ubao wa kukalia ikishatumika, ikalala na nyavu, chambo na maji ya ngama, na kesho yake ikapanguswa kwa kikoi na kurudishwa kazini. Mtu amekopa pesa, ameweka shamba rehani, amenunua mashine ya kutegemewa, halafu kila tone la mafuta linaloingia kwenye mashine hiyo linapitia kwenye takataka. Mimi ni fundi na riziki yangu inatokana na mashine zinazoharibika, kwa hivyo ningeweza kunyamaza. Lakini hili linahusu zaidi ya pesa.

Bodaboda ikinyweshwa petroli yenye maji, dereva anashuka, anasukuma hadi kivulini, anampigia mtu simu. Baharini hakuna kushuka. Chukua boti inayorudi Kizingitini au Ngomeni au Vanga wakati wa kusi, mawimbi yakiumuka nje ya mwamba, na nahodha anatafuta mlango wa kuingilia. Kwa safari nzima mashine ingeweza kukohoa na kuzima mara mbili, tatu, na hasara ingekuwa muda tu. Pale mlangoni inahitajika kwa dakika tano, na kwa dakika tano hizo haitakiwi kukohoa hata mara moja. Babu zetu walikuwa na tanga. Upepo ukiwakatalia huku waliutafuta kule. Boti ya faiba haina mlingoti, na wengi wetu hata makasia tumeyaacha nyumbani kwa sababu yanajaza nafasi.

Sasa tueleze ni kwa nini maji kidogo tu yanaweza kuzima mashine kubwa. Ndani ya kabureta mafuta hupita kwenye kitundu chembamba sana, unaweza kukiziba kwa unywele mnene. Petroli hupita pale kwa urahisi kwa sababu ni nyepesi na haishikamani. Tone la maji hushikamana lenyewe kwa lenyewe. Likifika mdomoni mwa kitundu linakaa pale kama mtu mnene mlangoni mwa daladala. Mashine inakosa mafuta, inakohoa, inazima. Unavuta kamba, inawaka kidogo, inazima tena. Na kama maji yenyewe ni ya chumvi, ikilazwa siku chache hivyo hivyo, chumvi inaanza kula aluminiamu ya kabureta na kuacha ukoko mweupe ambao hautoki kwa kupuliza.

Maji haya yanatoka wapi? Mara nyingine yanatoka kwa muuzaji, hasa kule visiwani na vijijini ambako petroli husafiri kwa mitungi kabla ya kufika kwako, na kila mtungi una historia yake. Lakini mengi tunayatia wenyewe. Mtungi umeoshwa na haukukauka. Kifuniko cha tangi kina ile skrubu ya pumzi ambayo lazima ifunguliwe mashine ikifanya kazi, na watu husahau kuifunga jioni, mvua ikanyesha usiku. Rasharasha ya mawimbi inaingia wakati wa kujazia katikati ya bahari. Na hewa yetu ya Pwani ina unyevu. Tangi lililoachwa nusu tupu hupumua kila siku, mchana likitoa pumzi na usiku likiivuta, na sehemu ya unyevu ule hubaki ndani.

Huwezi kuzuia milango yote hiyo. Lakini kabla ya kuingia kwenye tangi, mafuta yote yanapita mahali pamoja, nayo ni faneli. Ndiyo maana nasema ukiwa na pesa kidogo za kutumia kwa ajili ya usalama wa mashine, zianzie pale.

Nianze na faneli ya kawaida, kwa sababu hata hiyo wengi huichagua kwa rangi. Tazama mdomo wa chini kwanza. Uingie kwenye tundu la tangi lako kwa urahisi na ubaki na nafasi pembeni, kwa sababu mafuta yakiingia lazima hewa itoke. Mdomo ukiziba tundu lote, hewa inatafuta njia kupitia humo humo mafuta yanamoshukia, faneli inaanza kugugumia na kukutemea petroli mikononi. Faneli nzuri zina mbavu ndogo nje ya shingo zinazoinyanyua kidogo. Kama yako haina, chonga vijiti viwili vyembamba vya mkaratusi uviweke pembeni ya shingo, au iinue kwa upana wa ukucha unapomimina. Pili, shingo iwe ndefu kiasi cha kuingia ndani ya tangi, wala isiishie mlangoni. Mafuta yanayodondoka kutoka juu yanaruka, yanatoa mvuke mwingi, na kuna sababu nyingine nitakayoifikia hivi punde. Tatu, mdomo wa juu uwe mpana na kuta zake ziwe ndefu. Kumimina kutoka kwenye mtungi wa lita 20 boti ikiyumba ni kazi ya mabega, na mtungi hutema kwa mapigo. Faneli fupi inafurika kwenye pigo la kwanza.

Ile shingo ya chupa ya maji siidharau kabisa. Plastiki ya chupa zile haiyeyushwi na petroli, na kwa dharura itakufikisha. Ubaya wake ni kwamba haina kichujio, shingo yake ni fupi mno, na ukingo uliokatwa kwa kisu huacha nyuzi za plastiki ambazo huishia ndani ya filta. Hizo faneli za bati za mafundi wa mtaani ni imara, lakini bati huota kutu kwa chumvi yetu kabla ya msimu kuisha, na kutu hiyo inashuka pamoja na mafuta. Halafu kuna jambo jingine kuhusu faneli za chuma ambalo nimeona watu wazima wakilibishia kwa nguvu, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Watu wanaamini kwamba chuma ni salama kuliko plastiki kwa sababu chuma hakiungui. Swali si kama faneli itaungua. Swali ni cheche inatoka wapi. Petroli inapopita kwa kasi ndani ya mpira, bomba au faneli, msuguano huizalishia chaji ya umeme, ule ambao watoto shuleni huuita umeme tuli. Ndio huo unaosimamisha nywele ukizichana kwa kitana cha plastiki. Mtu ataniambia, fundi, hapa Pwani hewa ni mbichi, umeme huo haukai. Hewa mbichi husaidia juu ya ngozi na juu ya nguo. Haifiki ndani ya mafuta yanayotiririka, na chaji iko humo.

Sasa chukua faneli ya chuma, iweke juu ya tangi la plastiki, na tangi liko ndani ya boti ya faiba. Chuma hukusanya chaji yote inayoletwa na mafuta na hakina pa kuipeleka, kwa sababu plastiki haipitishi umeme na faiba haipitishi. Inabaki pale ikingoja. Kinachokuja karibu nayo, iwe ni kidole chako au mnyororo wa nanga, ndicho kitakachoipokea kwa cheche, na cheche hiyo itaruka mahali palipo na mvuke wa petroli. Cheche inayotosha kuwasha mvuke huo ni ndogo kiasi kwamba kidole chako hakiwezi hata kuisikia. Hewa yenye mvuke wa petroli kuanzia takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 inawaka, na petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi ambayo hatujawahi kuiona huku kwetu. Kwa hivyo: faneli ya chuma kwa tangi la chuma, zikiwa zimegusana tangu mwanzo hadi mwisho. Tangi la plastiki, faneli ya plastiki. Chuma juu ya plastiki, hapana.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kituoni. Mtungi uwe chini kwenye sakafu, usiwe juu ya bodaboda wala nyuma ya pikapu yenye tandiko la plastiki, na mdomo wa pampu uguse ukingo wa mtungi muda wote. Wahudumu wengi wanalijua hili na hukwambia ushushe. Usigombane nao.

Baharini pia kuna njia rahisi ya kujiondolea matatizo mengi kwa mara moja: usijazie ndani ya boti. Matangi yetu mengi ni yale mekundu ya kubeba, ya lita 24 au karibu na hapo. Litoe, lishushe mchangani, jaza pale, litie kifuniko, lipanguse, ndipo ulirudishe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukimwagika ndani ya boti hauruki juu na kupotea kama moshi wa sigara. Unashuka, unapita chini ya mbao, unalala kwenye ngama, na unaweza kukaa humo muda mrefu ukiwa umetulia kama maji. Nahodha anavuta kamba nusu saa baadaye, amekwisha sahau. Ikitokea umemwaga, inua mbao, kausha kwa kitambaa, kitupe kitambaa nje ya boti, acha upepo upite, na usiwashe chochote mpaka pua yako ikiwekwa chini kabisa ngamani isisikie harufu. Kunusa ukiwa umesimama hakusaidii.

Turudi kwenye maji. Faneli ya kawaida yenye wavu wa waya mwembamba itazuia majani, mchanga, mabawa ya mende. Haitazuia maji. Kipande cha leso kilichotandikwa mdomoni hakizuii maji pia, ingawa nimeona watu wakiapa kwamba kinazuia. Kinaloa tu, kisha kinapitisha kila kitu, na juu yake kinaacha nyuzi zake. Kitambaa cha nailoni ni kibaya zaidi, kwa sababu ya umeme ule ule.

Inayozuia maji ni faneli yenye kichujio maalumu, na hii ndiyo ningependa kila ufuo uwe nayo. Kwa nje ni faneli nyeusi ya plastiki, pana, na ndani yake imesimama nguzo fupi ya wavu laini wa chuma kisichoota kutu, uliopakwa kitu kama kile kilicho kwenye vikaango visivyoshika chakula. Umewahi kuona tone la maji juu ya jani la mjimbi? Linajikunja, linabingirika, halilowanishi jani. Ndivyo maji yanavyofanya juu ya wavu ule. Petroli inaulowanisha na kupita. Maji yanajikunja, yanashindwa kupenya kwenye vitundu, na kwa sababu ni mazito kuliko petroli, yanazama na kukaa kwenye kibakuli cha chini pembeni ya nguzo pamoja na uchafu. Plastiki yenyewe huwa imechanganywa na kaboni ili ipitishe umeme usijikusanye. Kwa hivyo ishike kwa mkono mtupu muda wote unapomimina, nawe umesimama pekupeku kwenye mchanga mbichi, ili chaji ipate njia ya kushuka ardhini.

Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya faneli ya sokoni, na hapo ndipo mazungumzo huishia. Mimi hujibu kwa kuonyesha kabureta iliyoliwa na chumvi. Na kwa kuwa ni ghali, kuna za bandia: umbo lile lile, rangi ile ile, wavu wa kawaida ndani. Kuitambua ni rahisi. Lowanisha wavu kwa petroli kidogo, kisha mimina kikombe cha maji taratibu ndani ya faneli ukiwa umeishika juu ya ndoo. Iliyo ya kweli itayashikilia maji. Ya bandia itayapitisha kama kichujio cha chai. Muuzaji akikataa ufanye jaribio hilo, au akidai pesa kwanza, mwachie faneli yake.

Ina masharti yake. Usiioshe kwa sabuni, hata ikichafuka vipi, kwa sababu sabuni huvunja ule mkataba kati ya maji na wavu. Isuuze kwa petroli safi kidogo, ikung'ute, iache ikauke kivulini. Usiisugue kwa brashi. Usimimine kwa pupa hadi ijae pomoni, manake uzito wa mafuta yaliyosimama juu unaweza kuyasukuma maji yapenye. Na chuja petroli tupu kabla hujaichanganya na oili. Oili nzito hupita polepole na kukupotezea subira, na mtu akipoteza subira huanza kuinamisha faneli.

Mwisho wa kumimina, kibakulini hubaki mafuta kidogo yasiyopita. Wengi huyatupa baharini, jambo ambalo ni dhambi mara mbili, kwanza kwa samaki na pili kwa sababu umetupa habari. Yamimine kwenye chupa ya kioo angavu, iweke kwenye kivuli, isubiri itulie kwa dakika kumi. Petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo kwa lita, maji ni kilo kamili, kwa hivyo kama kuna maji utayaona chini, yamejitenga na mstari wake. Utaona na rangi ya uchafu: kutu ni mtungi au pipa, mchanga ni wewe mwenyewe. Ukiona maji leo, ukayaona kesho kwa muuzaji yule yule, una ushahidi kwenye chupa wa kwenda nao kwake. Nimewaona wanaume wakigombana saa nzima kwa maneno matupu, na nimeona chupa moja ikimaliza ugomvi kabla chai haijapoa.

Kama huna faneli ya kichujio, chupa hiyo hiyo ni kinga yako ya maskini. Acha mtungi utulie usiku kucha mahali pamoja bila kusogezwa. Asubuhi mimina kwa upole na uache lita moja ya mwisho bila kuigusa. Maji yote yako kwenye lita hiyo. Ipeleke kwenye chupa, itazame, na kile cha juu kilicho safi ukitumie kuoshea vipuri.

Kuna jambo moja ambalo faneli yoyote, hata ya bei ghali, haitalifanya. Haitakutenganishia mafuta ya taa na petroli. Mafuta ya taa hupita kwenye wavu kama petroli, na hayatengani kwenye chupa. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hasa, ili mchezo wa kuyachanganya usiwe na faida, na huku mitaani ukweli ni kwamba akina mama wanaopikia stovu ndio walioulipa. Dawa ya hilo ni kumjua anayekuuzia. Mashine ikitoa moshi mwingi, ikagonga, ikawa ngumu kuwaka ikiwa baridi, na chupa yako haina maji, hapo shaka iko kwa muuzaji.

Kuhusu oili nitapita haraka kwa sababu kila mtu anadhani anajua. Mashine nyingi za mipigo miwili tulizonazo zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Maana yake lita 20 kwa mililita 400, lita 10 kwa 200, lita 5 kwa 100. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, kifuate kitabu. Usikadirie kwa kifuniko wala kwa jicho. Chupa ya maziwa ya mtoto aliyekwisha kukua ina mistari ya mililita upande mmoja, na hiyo inatosha, mradi isirudi tena kwa mtoto. Oili iwe ile ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3 kwenye kopo. Ya pikipiki imetengenezewa mashine inayopozwa kwa upepo, yetu inapozwa kwa maji. Na mwenye mashine ya mipigo minne asichanganye kitu. Oili yake ina mahali pake. Nimeletewa mashine ya namna hiyo iliyochanganyiwa kwa upendo kabisa.

Unapojaza, usifike mdomoni. Petroli hutanuka kwa joto. Lita 20 zilizojazwa alfajiri zikipata joto la nyuzi 15 zaidi adhuhuri huongezeka kwa karibu theluthi moja ya lita, na hiyo lazima iende mahali. Tangi likiwa limejaa hadi juu, itaenda ngamani.

Faneli ya petroli isiingie jikoni. Nalisema hili kwa sababu nyumba zetu ni ndogo na vyombo hutembea. Faneli iliyopitisha petroli haitakaswi kwa maji ya moto ili ipitishe mafuta ya nazi, na petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika moja, mtoto akiwa karibu. Faneli pia itakuondolea ile tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo ili mafuta yatoke mtungini. Petroli ikimezwa ni mbaya; ikipita njia ya mapafu ni mbaya zaidi. Mtu akiimeza msimtapishe, kwa sababu ikipanda tena ndipo huteleza kwenye pumzi. Mpelekeni hospitali.

Nahodha mmoja aliniambia wiki chache zilizopita, "Fundi, faneli yako hiyo ni ya watalii. Mimi nina watoto watano." Nilimwambia sitaki ainunue peke yake. Pale anapofunga boti wapo wanane, wote wanajaza alfajiri, mmoja baada ya mwingine, na faneli haifanyi kazi zaidi ya dakika chache kwa kila boti. Wanane wakichanga, kila mmoja anatoa chini ya bei ya plagi. Itundikwe kwenye banda la BMU, mdomo ukiangalia chini, ndani ya mfuko safi ili mchanga usiifikie, pamoja na chupa moja ya kioo. Anayetaka kutoka alfajiri anaichukua, anaitumia, anairudisha. Alisema atawauliza wenzake. Mpaka naandika haya wamechanga watano, na wale watatu waliobaki, nasikia, wanangoja kuona kama inafanya kazi.